Ndege, Kamera na Mvua za Baridi za Uingereza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni ya Waswahili wanaoishi Uingereza, au wanaokuja kutembelea ndugu kati ya Novemba na Machi, ambao wamejipatia darubini au kamera halafu wakakuta kila Jumamosi inanyesha. Penye mengi ya kusema nimesema mengi. Pasipo na mengi nimepita haraka.

Kwa nini nitoke kwenye mvua? Si bora kungoja joto lije?

Ukingoja joto utakuta ndege wengine, tena wengi wao wamejificha kwenye majani. Miezi ya baridi ndiyo miezi ya wageni: bata, bata bukini na batamaji (wale wakubwa weupe wenye shingo ndefu) wanaotoka Iceland, Skandinavia na kaskazini mwa Urusi. Huko kwao maji yameganda na ardhi imekuwa ngumu, hapachimbiki wala hapalishiki. Uingereza inapata upepo wa Atlantiki, kwa hiyo badala ya barafu ina mvua na tope. Tope laini lina minyoo, nyasi zilizolowa ni chakula cha bata, na bonde lililofurika linawapa mahali pa kulala pasipofikiwa na mbweha.

Kwa maneno mengine, mvua inayokufanya uvute blanketi ndiyo inayowaleta ndege. Wapiga picha wengi wanaoanza huhangaika na lenzi kwanza. Mimi ningewaambia wahangaike na maji: yako wapi wiki hii, yana kina gani, yanapanda au yanashuka. Ukishajua hayo, hata kamera ya kawaida itakupa kitu.

Basi mafuriko yakizidi na ndege watazidi?

Hapana, na hili huwashangaza watu. Bata wengi wa majira haya hawapigi mbizi. Wanainamisha kichwa, mkia unabaki juu, wanakula kile shingo inachofikia. Maji yakipita kina hicho, chakula kipo lakini hakifikiki. Wijeni, yule bata mwenye kichwa chekundu cha kutu anayepiga mluzi, ni mlaji wa nyasi fupi. Malisho yakizama kabisa inambidi ahame.

Majira ya baridi ya 2013–14 yalivunja rekodi ya mvua nchini. Huko Somerset kijiji cha Muchelney kilizingirwa kikawa kisiwa, watu wakisafiri kwa mashua. Bonde likijaa namna hiyo, katikati yake mara nyingi ni maji matupu, na ndege wako pembezoni. Kwa hiyo tafuta ukingo, pale ambapo maji yanafika kwenye kifundo cha mguu na nyasi bado zinachungulia. Wakati mzuri kuliko wote ni siku chache baada ya mvua kubwa, maji yanapoanza kurudi na kuacha vidimbwi na tope jipya.

Niende wapi?

Nikilazimishwa kuchagua sehemu moja, nachagua nyanda za chini za Somerset, karibu na mji wa Glastonbury. Hifadhi za Ham Wall na Shapwick Heath zimepakana, na zote zilikuwa machimbo ya mboji kabla ya kuachiwa maji na matete. Hapo ndipo makundi makubwa ya kwenzi huja kulala, kwa kawaida Novemba hadi Januari, wakati mwingine kwa mamia ya maelfu, wakijikunja na kujikunjua angani kabla ya kumwagika kwenye matete. Angalizo: jioni ya mvua nzito huwa hawachezi. Wanaingia chini moja kwa moja na wewe unabaki umelowa. Chagua jioni ambayo mvua imekatika. Pia huhama kutoka kona moja ya bonde hadi nyingine, kwa hiyo uliza kabla ya kwenda. Ipo huduma ya kutangaza walikolala jana yake.

Somerset ina jambo jingine litakalokugusa. Yangeyange, yule yule anayefuata ng'ombe nyumbani, alizaliana Uingereza kwa mara ya kwanza hapa mwaka 2008. Yangeyange mkubwa akafuata mwaka 2012. Na korongo, ambao walikuwa wametoweka sehemu hii kwa takribani miaka 400, walirudishwa kuanzia 2010: vifaranga 93 walilelewa kwa mkono na kuachiliwa katika miaka mitano. Kumwona yangeyange kati ya ng'ombe wa Kiingereza, kwenye tope la Januari, kunamfanya mtu acheke peke yake.

Slimbridge, kando ya mto Severn, ndipo Peter Scott, mchoraji na mpenda ndege, alipoanzisha kituo chake cha ndege wa majini mwaka 1946. Tangu 1964 batamaji wadogo wanaotoka Aktiki ya Urusi wanatambuliwa hapo mmoja mmoja kwa alama nyeusi na njano za midomo yao, kwa sababu hakuna wawili wanaofanana. Siku hizi idadi yao imepungua sana. Baadhi ni kwa sababu baridi ya bara imelegea, wanaishia Ujerumani na jirani zake bila haja ya kuvuka bahari. Ukitaka batamaji kwa wingi nenda Welney, kwenye bonde la Ouse Washes, ambako wanaotoka Iceland hurudi kulala jioni baada ya kushinda kwenye mashamba wakiokota mabaki ya mavuno. Bonde lenyewe limetengenezwa lifurike: ni ukanda kati ya mito miwili iliyochimbwa karne ya 17, na kazi yake ni kupokea maji ya baridi ili mashamba ya jirani yasizame.

Pwani ya mashariki iko Snettisham, kwenye Ghuba ya Wash. Aliyekulia Lamu au Bagamoyo hahitaji maelezo marefu: soma jedwali la maji, tafuta bamvua (maji makubwa kabisa) inayojaa mchana, fika mapema. Maji yakifunika tope lote, ndege wa pwani kwa makumi ya maelfu hulazimika kuruka kwa pamoja kuingia nchi kavu. Siku za maji mafu, yanapopanda kidogo tu, usijisumbue.

Sina gari.

London Wetland Centre iko Barnes, ndani ya jiji, na unafika kwa basi. Rainham Marshes unafika kwa treni, ukishuka Purfleet. Hata bwawa la bustani ya mtaani lina bata wa kaskazini mwezi Januari, na wale wamezoea watu kiasi kwamba lenzi fupi inatosha. Kwa anayeanza, bwawa la mtaani ni shule bora kuliko hifadhi maarufu.

Nitoke saa ngapi?

Desemba jua la London linachomoza kama saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi jioni. Mchana mzima ni saa nane hivi, na ndege anatakiwa kula chakula cha kumvusha usiku wa saa kumi na sita. Ndiyo maana wako kazini muda wote, na wewe huna haja ya kuamka usiku wa manane kama nyumbani.

Kuna zawadi nyingine kwa mpiga picha. Katikati ya Desemba jua la adhuhuri kusini mwa Uingereza halipandi zaidi ya nyuzi 15 hivi juu ya upeo. Nyumbani, ikifika saa tatu asubuhi jua linaanza kuchoma vivuli vigumu chini ya macho ya ndege, na picha nzuri zimekwisha. Hapa mawingu yakifunguka saa sita mchana unapata mwanga wa ubavuni, wa dhahabu, kama wa jioni. Tatizo ni hilo "yakifunguka".

Ndege hufanya nini mvua inaponyesha?

Inategemea ndege na inategemea mvua. Rasharasha haimsumbui bata hata kidogo. Wengine huonekana kuwa na furaha zaidi. Ndege wadogo hujikunyata ndani ya kichaka upande usio na upepo. Kwenye mashamba yaliyolowa minyoo hupanda juu, na hapo utakuta shakwe na lapwingi, yule mwenye kishungi na mgongo wa kijani unaong'aa, wakitembea hatua mbili, wakisimama, wakidonoa.

Lakini saa ya kuisubiri ni ile nusu saa mara baada ya mvua kukatika. Kila mwenye njaa anatoka. Kila aliyelowa anapanda mahali pa wazi ajikung'ute na kujipanga manyoya: kozi juu ya nguzo, mnandi amefungua mabawa, mdiria kwenye tawi lililoinamia mtaro. Wengi huondoka mvua inapoanza na kurudi siku inayofuata, wakaikosa nusu saa hiyo. Keti kwenye kibanda cha kutazamia, mimina chai, ngoja.

Upepo je?

Upepo ni muhimu kuliko mvua. Ndege hutua na kuruka akiukabili upepo. Ukisimama huku unakupiga mgongoni, watakuja au watainuka wakielekea kwako, na matone hayaingii kwenye lenzi. Ukisimama upande wa pili utapiga picha za mikia na kushinda unafuta kioo.

Nimeona bundi mweupe akiruka mchana kweupe. Ni uchuro?

Uchuro ni wake, si wako. Bundi mweupe wa maghalani ana manyoya laini sana, ndiyo maana haruki kwa kelele, lakini ulaini huo huo unanyonya maji. Mvua ikinyesha usiku kucha hawezi kuwinda, kwa hiyo siku ya pili au ya tatu anatoka mchana kwa njaa. Kwako ni bahati ya picha. Kwake kila safari inayokatizwa inaweza kuwa panya aliyemkosa. Usimfuate. Simama kwenye uzio au kaa garini, kwa sababu huwa anarudia njia ile ile kando ya mtaro, na atakupitia mwenyewe. Wakati wa kuzaliana sheria inamlinda zaidi, kama nitakavyoeleza chini.

Darubini ipi inafaa kwa mwanga hafifu?

8x42, yaani inakuza mara nane na kioo chake cha mbele kina upana wa milimita 42. Gawanya 42 kwa 8 unapata zaidi kidogo ya milimita 5, huo ndio upana wa mwale wa mwanga unaoingia jichoni. Zile ndogo za mfukoni za 10x25 zinakupa milimita 2.5, zinatosha kwa jua la Zanzibar lakini saa tisa alasiri ya Desemba utaona kivuli tu. Hakikisha haipitishi maji na imejazwa naitrojeni, ili isiingie ukungu kwa ndani. Ukungu wa nje unafutika, ule wa ndani huna la kuufanya.

Niweke kamera vipi?

Fungua lenzi hadi mwisho wake (namba ya f iliyo ndogo kabisa), f/5.6 au f/6.3 kwa lenzi nyingi ndefu za bei ya kawaida. Bata anayeruka anataka shata ya 1/1600 ya sekunde au kasi zaidi. Aliyesimama, kwa lenzi yenye kutuliza mtikisiko, hata 1/250 inatosha, ukipiga kadhaa mfululizo na kuchagua moja. ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, iache ipande hadi 3200, hata 6400. Watu wanaogopa chengachenga, lakini chengachenga zinapunguzwa na programu baadaye, ilhali ndege aliyetikisika hana dawa.

Mbingu za kijivu huidanganya kamera. Inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, na bata wako anageuka mkaa. Ongeza fidia ya mwanga kwa +1 unapompiga ndege mweusi dhidi ya mawingu. Kwa batamaji au yangeyange mbele ya maji meusi fanya kinyume, punguza hadi −2/3, la sivyo manyoya yote yataungua yawe karatasi nyeupe. Piga kwa RAW (faili ghafi) kama kamera inaruhusu.

Nataka mvua yenyewe ionekane kwenye picha.

Safi, maana picha hizo ndizo zinazobaki. Unahitaji mandhari meusi nyuma ya ndege: matete, ukuta wa miti, kingo za mtaro. Mbele ya mbingu nyeupe matone hayaonekani hata yakiwa makubwa. Kisha amua: kwa 1/60 hivi mvua inakuwa nyuzi ndefu, lakini ndege lazima awe ametulia tuli, kwa 1/500 na kuendelea inakuwa vitone vilivyosimama hewani. Kwa bata anayesinzia mimi napenda nyuzi. Matone makubwa yakipita karibu na lenzi yatavuruga fokasi ya moja kwa moja, kwa hiyo punguza eneo la fokasi hadi nukta moja na uiweke jichoni. Kuna wanaoongeza mvua kwa kompyuta. Inaonekana, kwa sababu mgongo wa ndege ni mkavu.

Nitaikingaje kamera bila kununua kifuniko cha bei?

Mfuko wa plastiki, ule tuliouita rambo kabla haujapigwa marufuku Tanzania 2019. Toboa kitako, pitisha lenzi, funga kwa rababendi nyuma ya kikingio cha lenzi. Kikingio hicho chenyewe kiache kimevaliwa daima, kinazuia matone mengi kuliko unavyofikiri. Beba vitambaa viwili vikavu, kimoja kwenye mfuko wa ndani wa koti. Usibadilishe lenzi nje. Betri ya akiba iweke karibu na mwili, baridi inazila.

Kamera ikilowa kweli, izime, toa betri na kadi, fungua milango yake, iache chumbani penye hewa. Usiiweke juu ya hita wala kuipulizia kikausha nywele. Na ule mchele wa kila mtu uache jikoni. Haukaushi zaidi ya hewa ya kawaida na unaacha vumbi. Ukitoka pwani, pangusa kwanza kwa kitambaa chenye maji baridi kidogo, maana chumvi ni mbaya kuliko mvua.

Nikirudi nyumbani lenzi inajaa ukungu. Kwa nini?

Kioo ni baridi, hewa ya ndani ina joto na mvuke wa chakula. Fungia kamera ndani ya mkoba ukiwa bado nje, na usiufungue kwa saa moja au mbili hadi ipate joto taratibu. Kama una haraka ya kuona picha, toa kadi kabla hujaingia.

Nivae nini?

Mabuti ya mpira yenye nafasi ya soksi mbili, koti la mvua lisilopiga kelele ukitembea, glavu nyembamba ndani ya nene, kofia. Suruali ya jinzi hapana: ikilowa haikauki. Chupa ya chai ya tangawizi ni kifaa cha kupigia picha kama vingine.

Naweza kupiga picha nikiwa ndani ya gari?

Ndiyo, na mara nyingi ndipo mahali bora. Ndege wanaogopa umbo la mtu aliyesimama kuliko gari lililotulia. Weka kifuko cha maharage kwenye dirisha kama mto wa lenzi, zima injini, zima na hita: hewa ya moto ikitoka dirishani kukutana na baridi inacheza mbele ya lenzi na kufanya kila picha iwe na mawimbi.

Lakini usiendeshe kuingia kwenye maji usiyoyajua. Sentimita 30 tu za maji yanayokwenda zinaweza kulielesha gari. Somerset ni hatari zaidi kwa sababu barabara nyingi zina mitaro mirefu pande zote mbili, na maji yakishafunika kila kitu huoni barabara inaishia wapi. Kwa miguu vivyo hivyo.

Nisogee karibu kiasi gani?

Ndege akiinua kichwa na kuacha kula, umeshazidi. Rudi nyuma. Siku fupi, mwili umelowa, na kila akirushwa anachoma mafuta aliyoyatafuta toka asubuhi. Kundi la bukini likirushwa mara tatu kwa siku limepoteza zaidi ya picha zako zote zinavyofaa. Kuwapigia sauti za kurekodi ili waje, usifanye.

Kisheria, Sheria ya Wanyamapori na Mashambani ya 1981 inalinda ndege wote wa porini na viota vyao, na kwa orodha maalumu, akiwemo bundi mweupe na mdiria, hata kuwasumbua karibu na kiota kwa makusudi au kwa kutojali ni kosa.

Sijui majina yao. Nianzie wapi?

Programu ya simu ya Merlin ni ya bure. Pakua orodha ya Uingereza kabla hujatoka, kwani kwenye mabonde mtandao husuasua. Kisha fanya hesabu ya bustani ya RSPB, shirika la kulinda ndege, wikiendi ya mwisho ya Januari: saa moja, dirishani, unaandika unachokiona. Imekuwepo tangu 1979, haina ada, na watoto wanaipenda. Ukiwa unakunywa chai jikoni mvua si hoja.

Nimekuta bukini amekufa kando ya maji.

Usimguse, wala mbwa asimguse. Mafua ya ndege yapo. Katika majira ya baridi ya 2021–22 yaliua karibu theluthi moja ya bata bukini wa Svalbard wanaokaa Ghuba ya Solway. Toa taarifa kwa serikali kupitia tovuti yake, na osha mabuti kabla ya kwenda bwawa jingine. Kama ana pete mguuni, piga picha ya namba kwa lenzi ukiwa mbali, kisha iripoti kwa EURING, mtandao wa Ulaya wa pete za ndege. Watakujibu alivishwa wapi na lini.

Desemba naenda nyumbani. Nibebe darubini?

Beba. Baadhi ya ndege unaowakosa Uingereza wakati huo wako upande huo wa dunia: mbayuwayu wa Ulaya wanakwenda kusini, na wale wa Uingereza hufika hadi Afrika Kusini. Bata wa mdomo mpana kama mwiko, unayemwona Slimbridge, anakaa pia Ziwa Naivasha majira hayo hayo, akitokea njia nyingine. Pwani, Mida Creek karibu na Watamu hujaa sululu na vitwitwi maji yakipwa. Na ukiwa Kenya Novemba au mapema Desemba, ulizia Ngulia, Tsavo Magharibi: usiku wa ukungu usio na mwezi, taa za hoteli huvuta ndege wahamao kwa maelfu, na wapenda ndege wamekuwa wakiwavisha pete hapo tangu 1969. Januari pia ni mwezi wa kuhesabu ndege wa majini duniani kote, Kenya na Tanzania zikiwemo, na wahesabuji wa kujitolea hawatoshi kamwe.